Si Kasri, ni Nyumba ya Shamba

Imeingia miongoni mwetu, sisi tunaofasiri na tunaoandika, tabia ya kuliita kasri kila jengo lenye nguzo. Mtu akiona nguzo nne zimesimama mbele ya nyumba na juu yake paji la pembetatu, haulizi tena nyumba hiyo ilijengwa kwa kazi gani na ndani yake mlitiwa nini. Kalamu yake huenda moja kwa moja kwenye "kasri", na asipotosheka huongeza "la fahari". Nakusudia kuipinga tabia hii, na ili ugomvi usitawanyike nitaipinga kwa nyumba moja: nyumba ya ukoo wa Emo iliyoko Fanzolo, kijiji cha mkoa wa Treviso, kaskazini mashariki ya Italia, iliyobuniwa na Andrea Palladio katikati ya karne ya 16. Waitaliano wanaiita Villa Emo. Nasema hiyo si kasri wala haikupata kuwa kasri, na anayeifasiri kwa neno hilo anaidhulumu nyumba na anamdhulumu msomaji wake.

Ugomvi una asili yake. Nilipata kufasiri insha ndefu juu ya nyumba za Palladio, na kila palipokuwa na neno villa nikaandika "nyumba ya shamba". Mswada ulipotoka mkononi mwa mchapishaji, ambaye sina haja ya kumtaja, nyumba zangu zote za shamba zilikuwa zimefutwa, na mahali pake pamekaa makasri. Nilipouliza sababu niliambiwa kwamba msomaji akikutana na "nyumba ya shamba" ataona kibanda cha makuti na kuku wanaparura uani, na kwamba jengo lenye nguzo za Kirumi haliwezi kuitwa kwa jina la kibanda. Basi hiyo ndiyo hoja ya wapinzani wangu, nami nimeieleza kwa ukamilifu maana sijasikia nyengine iliyo bora kuliko hiyo. Ndani yake mna mambo mawili: kwamba shamba ni kitu duni, na kwamba uzuri huona aibu kuonekana pamoja na kuku.

Tuitazame nyumba, kwa kuwa wengi wanaobishana juu yake huwa wameshaitazama picha ya nguzo tu. Katikati pana jengo moja lililoinuliwa juu ya sakafu ya chini. Mbele lina baraza, na nasema baraza kwa kusudi, iliyoingia ndani ya mwili wa jengo badala ya kubandikwa nje. Nguzo zake nne ni za ule mtindo wa Kidoriki, ambao katika mitindo ya kale ndio wenye maneno machache. Paji la pembetatu lililo juu yake limebeba nembo ya ukoo. Madirisha hayana nakshi pembeni. Ni tundu zilizokatwa kwa kipimo katika ukuta mweupe. Hapana ngazi za kupandia, bali pana njia pana ya mawe inayoinuka polepole kutoka uwanjani hadi barazani. Wajuzi wanabishana hadi leo ilikuwa ya nini: wako wasemao ni ya farasi, na wako wasemao nafaka ilipurwa au kuanikwa juu yake. Mimi napenda tu kwamba ubishi wenyewe uko baina ya farasi na nafaka. Hakuna aliyesema kwamba ilijengwa ili mfalme apigiwe tarumbeta.

Kisha yanakuja mabawa. Kulia na kushoto mwa jengo, katika mstari mmoja nalo, yanatoka mabanda mawili marefu yenye matao, 11 kila upande, na mwisho wa kila banda panasimama mnara. Ukiitazama nyumba kutoka mbali, mabanda hayo ndiyo yanayochukua sehemu kubwa ya upana wake, na jengo la nguzo ni kama kifundo kilichoyaunganisha. Ndani ya mabanda palikuwa na nini? Jibu halihitaji ramli, kwa sababu Palladio mwenyewe aliichapisha ramani ya nyumba hii katika kitabu cha pili cha vile Vitabu Vinne vyake vya usanifu wa majengo, vilivyotoka Venezia mwaka 1570, akaeleza. Pipa za mvinyo, nafaka, wanyama, zana, yote haya yamo katika mabawa. Minara ya mwisho ni ya njiwa, na anaitaja kwa pumzi moja kuwa inamfaa mwenye nyumba na inapapamba mahali. Akasifu pia kwamba katika nyumba hii mtu anaweza kuzungukia shughuli zake zote akiwa chini ya paa, asipigwe na jua wala mvua, na akalihesabu jambo hilo kuwa miongoni mwa makubwa yanayotakiwa katika nyumba ya namna hii.

Nawaomba wapinzani wangu wasimame kwenye minara ile ya njiwa. Njiwa alikuwa nyama ya msimu ambao nyama nyengine ni adimu, na mavi yake yalikuwa samadi yenye thamani kubwa. Palladio hakuyaficha nyuma ya nyumba. Aliyapa minara, akaiweka mwanzo na mwisho wa uso wa jengo, mahali ambapo katika nyumba nyengine angewekwa simba wa mawe. Msanifu aliyefanya hivi hakuwa akijenga kasri akasahau kuondoa mabanda ya wanyama. Alikuwa akijenga nyumba ya shamba, akaona kwamba ghala na zizi na tundu la njiwa vikipangwa kwa kipimo vitakuwa uso ulio mzuri kuliko uso wa kasri. Fikra hiyo ndiyo nyumba yenyewe. Ukiiondoa unabaki na nguzo nne, na nguzo nne ziko kila mahali duniani.

Watanijibu kwamba nguzo na paji la pembetatu ni mambo ya mahekalu na ya wakubwa, na kwamba yakishawekwa juu ya nyumba yanaipandisha daraja, itake isitake. Hoja hii Palladio aliijua, maana kabla yake nyumba za watu hazikuzoea kuvaa uso wa hekalu. Jawabu lake ni la ajabu na linapendeza. Alidai kwamba binadamu alianza kwa kujijengea nyumba ya kulala, na baadaye ndipo alipowajengea miungu yake. Kwa hivyo hekalu ndilo lililoazima sura ya nyumba, na yeye anapoliweka paji lile juu ya mlango wa mkulima tajiri anarudisha tu kilichoazimwa. Wachimbaji wa magofu wa siku za baadaye wamemsahihisha: nyumba za Warumi aghalabu hazikuwa na sura hiyo aliyoikisia. Walakini kosa lake halikimsaidii mpinzani wangu hata kidogo, kwa sababu katika nia yake lile paji lilikuwa linashuka kutoka hekaluni kuja shambani. Hakukataa kwamba linaipa nyumba haiba, tena alisema wazi kuwa linaonyesha mlango ulipo na kuwa nembo inapata mahali pa kukaa. Haiba anayoitaka ni haiba ya nyumba ya kazi.

Naye hakuwa mtu wa makasri kwa kuzaliwa. Alizaliwa Padova mwaka 1508, mtoto wa familia isiyo na jina, akaitwa Andrea wa Pietro. Alianza kwa kuchonga mawe, na mwaka 1524 aliandikwa katika chama cha waashi cha mji wa Vicenza. Bwana mmoja msomi na mshairi, Gian Giorgio Trissino, ndiye aliyemtambua, akampa jina la Palladio na kumchukua Roma kutazama magofu. Alikuwa ameshavuka miaka thelathini alipoanza kuyapima magofu hayo kwa kamba yake mwenyewe. Sisi tusio na vyeti tunaruhusiwa kumpenda kwa hilo peke yake.

Sasa niseme na washairi, maana gazeti hili ni lao. Nyumba hii imetungwa kwa mizani. Sisemi kwa mfano, nasema kwa hesabu. Palladio aliandika vipimo ndani ya ramani kwa futi za Vicenza, na futi moja ya huko ni takriban sentimita 35. Ukumbi mkuu ni wa mraba, 27 kwa 27. Vyumba vikubwa vya pembeni ni 16 kwa 27. Pana chumba cha 16 kwa 16, na kidogo cha 12 kwa 16. Tazama namna tarakimu zinavyopokezana: upana wa chumba hiki ni urefu wa chumba kile, kama mshairi anavyokichukua kina cha kati akakitembeza kutoka ubeti hadi ubeti. Upande wa kulia ni sawa na wa kushoto, chumba kwa chumba, tao kwa tao, mnara kwa mnara. Sisi tuna majina ya kazi hiyo: ukwapi na utao. Mstari wa mizani kumi na sita unakatika katikati, nane huku na nane huku, na sikio halitulii mpaka nusu ya pili ije iijibu ya kwanza. Nyumba ya Fanzolo imekatika vivyo hivyo, na penye mkato ndipo palipo mlango.

Pana jambo jengine litakalowachekesha wajuzi wa arudhi. Katika kitabu chake cha kwanza Palladio ameorodhesha namna saba za vyumba anazoziona nzuri: mviringo, mraba, na nyengine za urefu uliozidi mraba kwa kiasi maalumu. Mojawapo ni mraba na theluthi mbili zake. Chukua 16, uizidishie theluthi mbili zake: unapata 26 na theluthi mbili. Yeye ameandika 27. Wako mabingwa waliomtafutia udhuru katika hesabu za muziki wa kale, wakaonyesha kwamba 16 na 27 vinahusiana kwa njia ya nyuzi na sauti, na huenda wana haki. Mimi nikiiona theluthi ile moja iliyoongezwa nakumbuka mazida. Mtunzi alihitaji silabi ili mstari ukamilike, akairefusha. Asiyejua inkisari na mazida atadhani ni kosa.

Tena nyumba hiyo, kwa vitu ilivyojengwa navyo, iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Picha humdanganya mtu akadhani nyumba za Palladio zote ni marumaru. Katika nyumba zake nyingi za shamba ukuta ni matofali ya kuchoma na chokaa, na mara nyingi hata nguzo ni matofali ya duara yaliyopigwa lipu, jiwe la kuchonga likiwekwa penye ulazima. Hayo ni maarifa ya fundi anayehesabu fedha ya mwenye shamba. Mafundi wetu wa mwambao walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, wakazipiga kuta zao lipu mpaka zikang'aa. Tofauti kubwa ilikuwa juu, kwenye dari. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu au karibu yake, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba. Ukumbi wa futi 27 za Vicenza ni zaidi ya mita tisa kila upande. Huo hauezekwi kwa mkoko. Kila nyumba huimba kwa pumzi za mti wake.

Kwa nini mabwana wa Venezia, watu wa bahari kama sisi, wakaenda kujenga shambani? Sababu ni nyingi, na mojawapo imepita mbele ya milango yetu. Utajiri wa Venezia ulitokana na biashara, na ndani ya biashara hiyo mlikuwa na pilipili na viungo vya Bara Hindi vilivyofika Misri na Shamu kwa njia ya Bahari ya Shamu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita Mombasa, akapata rubani Malindi, akavuka hadi Bara Hindi. Habari hiyo iliwatikisa Waveneti. Biashara yao haikufa siku ile, tena baadaye iliinuka. Lakini pamoja na nguvu za Waturuki baharini, vita vya nchi kavu na njaa za mara kwa mara, wengi wao walianza kuitia mali yao katika udongo. Mwaka 1556 dola ya Venezia iliweka maofisa maalumu wa kusimamia ardhi zisizolimwa, watu wakawa wanakausha mabwawa na kuchimba mifereji. Mashamba ya Fanzolo yalinyweshwa kwa maji ya mfereji wa Brentella, uliotolewa mto Piave. Nyumba ya Emo ilizaliwa na maji hayo. Aliyeijenga alikuwa anataka mavuno, na alitaka kukaa pale kuyasimamia.

Ndani, Giovanni Battista Zelotti alichora kuta zote: miungu, visa vya kale, nguzo za rangi juu ya kuta tambarare. Miongoni mwa mapambo hayo mna mihindi, ile mihindi ya kuchoma tuijuayo, ikiwa imechorwa pamoja na matunda. Wakati ule lilikuwa zao geni lililotoka Marekani, na ukoo wa Emo unasifiwa kuwa miongoni mwa waliolipanda mapema katika nchi hiyo. Mfasiri hawezi kulipita jambo hili bila ya kusimama. Waitaliano waliliita zao hilo nafaka ya Kituruki, na sisi tukaliita mahindi, kwa maana ya kitu cha Kihindi. Zao la Wamexico likaingia Italia kwa jina la Waturuki na Afrika Mashariki kwa jina la Wahindi. Kila mtu alimwita mgeni kwa jina la mlango aliodhani amepitia.

Walakini hapo penye mahindi ndipo nyumba inapoacha kuwa pambo. Shamba lile halikulimwa na bwana Emo. Lililimwa na watu waliokaa katika ardhi isiyo yao, wakatoa sehemu ya mavuno kwa mwenyewe. Kadiri karne zilivyokwenda, katika nchi yote ya Veneto ngano ilipelekwa sokoni na kwa wenye nyumba, na mkulima akabakiwa na ugali wa mahindi, asubuhi ugali na usiku ugali. Katika karne ya 18 na ya 19 ukaenea huko ugonjwa uitwao pelagra: ngozi hukauka na kupasuka palipopigwa na jua, tumbo huharika, mwisho akili hupotea na mtu hufa. Katika karne ya 20 ndipo ilipojulikana kwamba mwili huwa umekosa vitamini moja, na kwamba wenyeji wa Mexico hawakuugua kwa sababu wao huyapika mahindi kwanza kwa maji ya chokaa, na chokaa hiyo huifungua lishe iliyofungika ndani ya punje. Waliolivusha zao bahari hawakuvusha upishi wake. Katika mashamba ya Veneto chokaa ilikuwa ukutani mwa bwana, haikuwamo chunguni mwa mkulima.

Mpinzani wangu atafurahi hapa, akidhani nimeivunja nyumba niliyokuwa nikiisifu. La. Nimefika kwenye hoja yangu ya pili, nayo ndiyo kubwa. Ukiliita jengo kasri, msomaji haulizi nani alilima. Kasri halilimwi. Kasri lina mlinzi, lina mtumishi, lina mgeni wa heshima, na chakula hutokea mezani kama kwamba kimeshuka. Lakini ukisema nyumba ya shamba, hapo hapo neno lenyewe linauliza: shamba la nani, na jembe la nani? Nyumba ya Fanzolo inastahili kuulizwa maswali hayo, na iliyajibu wazi kuliko nyumba nyingi. Ghala iko mbele, imeunganishwa na baraza ya mwenyewe kwa ukuta mmoja. Yeyote aliyepita njiani aliona kinachoilisha nyumba.

Kama mtu haamini kwamba jina na sura huenda pamoja, namtaka avuke bahari hadi Virginia, Marekani. Huko Thomas Jefferson, ambaye usanifu aliusoma vitabuni tu na Palladio ndiye aliyekuwa mwalimu wake mkuu, alianza mwaka 1769 kujijengea nyumba ya Monticello juu ya kilima. Nguzo zipo, paji la pembetatu lipo, na mabawa mawili yapo. Ila mabawa ya Jefferson yamezamishwa katika mteremko wa kilima, na juu yake pametandikwa sakafu ya kutembelea. Jiko, ghala na baadhi ya vyumba vya watumwa vimo humo chini. Mgeni aliyesimama sebuleni aliona milima na anga. Watu zaidi ya 600 walikuwa watumwa wa Jefferson katika umri wake wote, na usanifu wa nyumba yake umewaondoa machoni kwa ustadi mkubwa. Nguzo ni zile zile za Fanzolo. Kilichobadilika ni kwamba nyumba ya shamba imeona aibu ya shamba, ikataka kuwa kasri.

Aibu hiyo sisi wa visiwani tunaijua. Unguja na Pemba "shamba" si konde tu, ni kila mahali pasipo mji, na anayetoka huko huitwa mshamba, tusi ambalo mtoto hujifunza kabla ya kujua kuandika jina lake. Nalo pia lina ndugu yake Italia, maana kutokana na villa Waitaliano walipata villano, mtu wa shamba, kisha mtu asiye na adabu. Maneno mawili, nchi mbili, dharau moja. Lakini shamba hilo tunalolidharau ndilo lililojenga mji tunaojivunia. Tangu Seyyid Said aliposisitiza kupandwa mikarafuu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, milango ya nakshi na kuta za orofa tatu zimelipwa kwa karafuu, na karafuu ililimwa na kuchumwa na watumwa mpaka hali hiyo ilipofutwa kisheria mwaka 1897. Nani anayeutazama mlango wa nakshi akamwona mchumaji? Tumefunzwa kusema mji, mji, mji. Kwa hivyo mchapishaji anapolifuta neno "shamba" kwenye ukurasa wangu ili msomaji asione kuku, hafanyi kosa dogo la msamiati. Anaendeleza kazi ya zamani.

Na hata lile "kasri" analolipenda kwa kuwa linasikika kubwa, amelichunguza? Limetujia kwa Kiarabu, na wanaisimu wengi wanalirudisha nyuma hadi Kilatini, kwenye neno lenye maana ya ngome au kambi ya askari. Basi amekimbia kuku, akakimbilia kambini.

Wapo pia wanaonishambulia kutoka upande wa pili, wasemao kwamba nyumba ya bwana wa Kitaliano haituhusu, iitwe iitwavyo. Hao sitawajibu kwa kirefu. Wapite tu katika mitaa mipya ya miji yetu, watazame nguzo za saruji zinazomwagwa katika kalibu na kuuzwa kando ya barabara kama maboga, na vijiguzo vyenye matumbo vinavyopangwa juu ya roshani. Nguzo hizo zimetoka kwa Palladio, kwa kupitia kwa Waingereza na Wamarekani na majarida ya picha. Zimeshafika. Haziulizi kama zinatuhusu. Swali ni tumechukua nini na tumeacha nini, nami naona tumechukua nguzo isiyobeba kitu, tukaacha kivuli. Baraza ya Fanzolo ina kina cha futi 16 na matao yake yanatazama kusini, ili jua la baridi liingie na la hari libaki juu. Nyumba zetu mpya zina nguzo za Kirumi mbele ya kibaraza ambacho mtu wawili hawawezi kuketi na bao baina yao, na nyuma ya nguzo pana mtambo wa kupozea hewa unaodondosha maji. Babu zetu waliojenga baraza ya mawe kando ya njia, wakaketi juu yake kuanzia alasiri, walikuwa karibu na Palladio kuliko sisi wenye nguzo zake.

Nyumba ya Fanzolo ilibaki mikononi mwa ukoo wa Emo hadi mwaka 2004. Kwa zaidi ya karne nne wenyewe waliiita villa, na katika Kilatini cha asili neno hilo lilikuwa na maana ya nyumba iliyoko shambani pamoja na mabanda yake. Mwaka 1996 nyumba hiyo na nyengine za Palladio zilizotapakaa Veneto ziliongezwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, pale mji wa Vicenza ulipokuwa umeshaandikwa mwaka 1994, na huko nako zimeandikwa villa, hazikuandikwa makasri. Sioni kwa nini Kiswahili, chenye neno lililo tayari, kijifanye hakina. Mwenye hoja ya "kasri" kurasa hizi ziko wazi kwake, naye namwomba ajibu. Ila aanze na minara ya njiwa.